Hoja ya Mpango wa Dola Sifuri

Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, simu za wazee wa Marekani hazina mapumziko. Huo ndio msimu wa kuchagua mpango wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee kuanzia miaka 65, na kampuni za bima humwaga matangazo kwenye televisheni na kwenye masanduku ya barua: dola sifuri kwa mwezi, meno, miwani, vifaa vya masikio. Watu wetu waliohamia huko miaka ya 1980 na 1990 sasa wanastaafu, na wengine wamewaita wazazi wao. Suala limeingia hata kwenye mazungumzo ya arusi na matanga: mzee achukue mpango wa kampuni binafsi, au abaki na Medicare ya serikali na kuinunulia bima ya kujazia?

Nimewakalisha watu watano kwenye meza moja mjini Dallas. Watu wenyewe ni wa kubuni. Sheria na tarakimu si za kubuni. Mjomba ni dereva wa lori, mzaliwa wa Tanga, anayetimiza miaka 65 katikati ya Februari ijayo na kuacha kazi mwezi huo huo. Shangazi, wa Mombasa, ana miaka 72 na yumo kwenye mpango wa kampuni tangu alipostaafu. Wakala anauza mipango hiyo kwa leseni ya jimbo. Binti ni afisa ustawi wa jamii hospitalini. Kazi yake ni kumtafutia mgonjwa anayeruhusiwa mahali pa kwenda. Papa alikuja na familia yake kama mkimbizi kutoka Bukavu. Mimi niko pembeni, ila sikuahidi kunyamaza.

WAKALA: Mjomba, shikamoo. Nianze na kile unachopewa na serikali. Kuna Sehemu A, ya kulazwa, na Sehemu B, ya madaktari na vipimo. Sehemu A hulipii kila mwezi kwa sababu umekatwa kodi ya Medicare kazini kwa zaidi ya miaka kumi. Sehemu B ilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, na mwaka 2026 imepanda hadi dola 202.90. Ukishalipa hizo bado hujamaliza. Kwa viwango vya 2025, ukilazwa, dola 1,676 za mwanzo zinatoka mfukoni mwako. Kwa daktari, dola 257 za mwanzo ni zako, halafu kila bili serikali inalipa asilimia 80 na wewe 20. Hiyo ishirini haina kikomo. Ukipata maradhi ya dola laki tatu, ishirini kwa mia ni ngapi?

MJOMBA: Marahaba. Elfu sitini. Hilo ni lori zima.

WAKALA: Sasa njoo kwenye Medicare Advantage. Kampuni inachukua A na B, mara nyingi na dawa pia, inakuhudumia kwa kadi moja. Sehemu B yako unaendelea kuilipa, lakini mipango mingi haikuongezei hata senti juu yake. Na sheria imeiwekea kikomo: mwaka 2025, kwa huduma za ndani ya mtandao wake wa madaktari, haikuruhusiwa kukutoza zaidi ya dola 9,350 kwa mwaka mzima, na mingi ilikuwa chini ya hapo. Lori lako linabaki.

SHANGAZI: Na meno, usisahau meno. Medicare ya serikali haikupi meno ya kawaida, wala miwani, wala kifaa cha masikio. Mimi meno haya mnayoyaona yamelipiwa na mpango, na sijaongeza senti.

BINTI: Shangazi yangu, meno yamekupendeza. Lakini Wakala ametaja njia mbili, na njia ziko tatu. Ya tatu inaitwa Medigap. Unabaki na A na B za serikali, kisha unanunua bima ya kujazia kutoka kampuni binafsi. Hiyo nayo ni ya kampuni, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hapa tunabishana serikali dhidi ya soko. Tofauti ni kwamba Medigap haiamui kama utibiwe au la. Serikali ikishakubali bili, Medigap inalipa sehemu yake. Ukiwa na Mpango G, zile 1,676 za kulazwa zinalipwa, asilimia 20 inalipwa, na wewe unabaki na zile 257 tu kwa mwaka. Na unaingia kwa daktari yeyote nchi nzima anayepokea Medicare, Dallas au Boston.

WAKALA: Mwambie na bei.

BINTI: Nitamwambia. Inategemea jimbo, umri na kampuni. Kwa mtu wa miaka 65, ni dola mia na kitu kwa mwezi, sehemu nyingine mia mbili na zaidi, na hupanda kadiri anavyozeeka. Bima ya dawa, Sehemu D, inanunuliwa kando. Ila kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui: Mpango G wa kampuni moja na Mpango G wa kampuni nyingine ni kitu kile kile kwa sheria, ila majimbo ya Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, ambayo yana utaratibu wao. Kwa hiyo Texas hapa unalinganisha bei tu, pamoja na historia ya kampuni ya kupandisha bei.

SHANGAZI: Dola mia na kitu juu ya mia mbili za Sehemu B, juu ya dawa. Mimi pensheni yangu ya Social Security ni dola 1,400 kwa mwezi. Kodi ya nyumba tu inakula zaidi ya nusu. Ningezitoa wapi, mwanangu?

Hapo Binti hakuwa na jibu, na sidhani lipo. Yeyote anayewasimanga wazee wa mpango wa dola sifuri kwamba wamedanganywa, ajibu kwanza swali la Shangazi. Zaidi ya nusu ya wanaostahili Medicare leo wako kwenye mipango ya kampuni, na si kwa ujinga.

MJOMBA: Mimi swali langu ni la kidereva. Hakuna mafuta ya bure. Kampuni inanipa meno, miwani, dawa, na hainitozi. Nani anailipa?

Serikali inailipa, kiasi fulani kwa kila kichwa kila mwezi, na zaidi kwa mgonjwa kuliko kwa mzima. Medicare yenyewe ilitiwa saini na Lyndon Johnson Julai 30, 1965, mjini Independence, Missouri, mbele ya Harry Truman aliyepewa kadi ya kwanza. Ilikuwa bima ya serikali moja kwa moja. Kampuni ziliwekewa sehemu yao maalumu kwa sheria ya 1997, na sheria ya 2003 ikaongeza malipo na kuipa mipango hiyo jina la sasa. Wazo lilikuwa kwamba ushindani utapunguza gharama. Machi 2025, MedPAC, tume inayolishauri Bunge la Marekani kuhusu Medicare, ilikadiria kwamba mwaka huo serikali ingelipa mipango hiyo dola bilioni 84 zaidi ya ambazo ingetumia kama wazee hao hao wangebaki kwenye Medicare ya kawaida. Meno ya Shangazi yametoka humo, walau kwa sehemu.

WAKALA: Na kuna ubaya gani wazee wakipata meno?

BINTI: Hakuna. Ubaya unaanza siku ya kuugua kweli. Kampuni inalipwa kiasi kile kile ukitibiwa sana au kidogo, kwa hiyo inaweka lango: idhini ya awali. Mzee amevunjika nyonga, amepasuliwa, daktari anataka aende wiki tatu kwenye kituo cha kumfundisha kutembea tena. Mwenye Medicare ya kawaida, nikipata kitanda anaondoka. Mwenye mpango, natuma makaratasi nangoja. Wakati mwingine Ijumaa inaingia, mgonjwa analala hospitalini hadi Jumatatu bila mazoezi, misuli inanyauka. Kwa hesabu za KFF, taasisi inayofuatilia sera za afya, mwaka 2023 mipango hii iliamua maombi karibu milioni 50 ya idhini. Milioni 3.2 yalikataliwa, yote au sehemu.

WAKALA: Hiyo ni asilimia 6.4. Asilimia 93 na ushee yalikubaliwa! Na anayekataliwa ana haki ya rufaa. Hesabu hizo hizo zinasema zaidi ya asilimia 80 ya rufaa hushinda.

BINTI: Asilimia 81.7, sikatai. Sasa malizia sentensi. Waliokata rufaa walikuwa asilimia 11.7 tu ya waliokataliwa. Wengine walinyamaza. Ukiniambia rufaa nane katika kumi zinashinda, mimi nasikia kwamba waliokataliwa kimakosa ni wengi na waliobaki nyumbani nao ni wengi. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya alichunguza maombi yaliyokataliwa, akakuta asilimia 13 yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare yenyewe. Wangekuwa kwenye Medicare ya kawaida, yangepita.

SHANGAZI: Mimi sijakataliwa hata siku moja.

BINTI: Alhamdulillahi. Na hujalazwa hata siku moja.

SHANGAZI: Hilo kweli. Presha tu na sukari kidogo.

Nimependa namna hawa wawili walivyosema kweli wote. Mpango wa kampuni ni mzuri kwa mzee mwenye presha inayotulia kwa dawa, daktari mmoja, na meno yanayomsumbua. Kipimo chake ni mwaka wa maradhi makubwa, na mwaka huo hauonekani kwenye brosha.

MJOMBA: Basi mimi nimeshapata dawa. Nikiwa mzima nachukua cha bure. Nikianza kuumwa nahamia kwa Binti, nachukua hiyo Medigap. Kila mwaka si kuna msimu wa kubadilisha?

Hapo Wakala alitazama karatasi zake. Nimeona wasomi wakikosea papo hapo alipokosea Mjomba, kwa hiyo tukae kidogo.

BINTI: Mjomba, msimu wa Oktoba unakuruhusu kutoka kwenye mpango na kurudi Medicare ya serikali. Hakuna atakayekuzuia. Ila kurudi Medicare si kupata Medigap. Medigap ina dirisha lake, na kwa wengi hufunguka mara moja tu maishani: miezi sita tangu mwezi ambao una miaka 65 na Sehemu B imeanza. Ndani ya miezi hiyo kampuni lazima ikupokee, hata kama una moyo, figo, saratani, chochote, na haiwezi kukutoza zaidi kwa ugonjwa wako. Dirisha likifungwa, Texas hapa, kampuni inaruhusiwa kukuuliza historia ya afya yako na kukukataa. Majimbo machache, kama New York na Connecticut, yanazibana kampuni zisikatae mtu wakati wowote. Texas haimo.

MJOMBA: Kwa hiyo nikiwa na miaka 74, nina kansa, mpango unanisumbua, nikatoka...

BINTI: Unarudi kwenye ile asilimia 20 isiyo na kikomo. Lori zima.

WAKALA: Nipeni haki yangu. Sheria inatoa mwaka wa majaribio. Ukiingia kwenye Medicare Advantage pale tu unapotimiza 65, ndani ya miezi 12 ya kwanza unaweza kutoka na Medigap lazima ikupokee. Na mpango ukifungwa au ukiondoka kwenye wilaya yako, haki hiyo inarudi.

BINTI: Kweli kabisa, na kila mzee aiandike. Lakini ni wazee wangapi huugua mwaka wa kwanza?

Kwangu, jibu la swali zima liko hapa. Watu hulinganisha bei ya mwezi huu, na bei ya mwezi huu kweli inaipendelea kampuni. Kinachopaswa kulinganishwa ni uwezo wa kubadili mawazo. Anayeanza na Medigap anaweza kuhamia Medicare Advantage mwaka wowote pesa zikipungua. Mlango huo uko wazi kila Oktoba. Anayeanza na Medicare Advantage akitaka kurudi hana uhakika. Njia moja ina kurudi, nyingine haina, na matangazo hayalisemi hili kwa sauti ile ile ya meno na miwani.

MJOMBA: Mnanitisha. Sasa na Tanga je? Nikistaafu nataka niwe naondoka Novemba nikitoroka baridi, narudi Mei.

WAKALA: Mipango mingi ina huduma ya dharura nje ya nchi, lazima tusome mkataba wako.

BINTI: Tusome na kurasa za nyuma. Medicare ya serikali Tanga hailipi kitu, ila matukio machache sana ambayo hayakuhusu. Medigap Mpango G ina kipengele cha safari: dharura inayotokea ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, unalipa dola 250 kwanza, kisha inalipa asilimia 80, hadi jumla ya dola 50,000 maisha yako yote. Si bima ya kuishi Tanga, ni ya kukuokoa ukianguka. Na Medicare Advantage imefungwa na eneo lake la huduma. Kwa kawaida ukikaa nje ya eneo hilo zaidi ya miezi sita mfululizo, mpango unakutoa.

MJOMBA: Novemba hadi Mei ni miezi mingapi hiyo?

SHANGAZI: Inategemea tiketi umekata tarehe ngapi.

Huu ni upande ambao washauri wa Kimarekani hawauwazi sana, kwa sababu mteja wao wa kawaida akikimbia baridi anakwenda Florida. Mzee wetu anakwenda Mombasa, Arusha, Kisumu. Ajue mambo mawili. Kwanza, kwa matibabu ya kawaida ya huko nyumbani atafute bima ya huko au aweke akiba, kadi ya Marekani isimpe matumaini. Pili, asiache kulipa Sehemu B kwa kuona haitumii. Akiiacha na kuirudia baadaye, ada hupanda kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila, na nyongeza hiyo hailipwi mara moja ikaisha, humfuata daima.

PAPA: Mimi niko na swali. Ninyi munabishana juu ya kuchagua. Mimi nilitumika miaka sita kwenye kiwanda cha kuku. Niko na miaka 67. Wananiambia sina haki ya hata moja.

BINTI: Papa, pole. Haki unayo, ila bei yako ni nyingine. Sehemu A ya bila malipo inahitaji robo-mwaka 40 za kazi, yaani miaka kumi, zako au za mke wako. Wewe una 24. Mwenye kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu aliyeishi hapa miaka mitano mfululizo anaruhusiwa kuinunua: mwaka 2025, chini ya robo 30, ilikuwa dola 518 kwa mwezi, na Sehemu B ya mwaka huo juu yake.

PAPA: Dola mia saba na tatu! Ni pesa ya nyumba hiyo.

BINTI: Ndiyo maana usilipe kabla hujaomba msaada wa jimbo. Kuna mpango wa QMB kwa wenye kipato kidogo. Unamlipia mtu ada za A na B na zile asilimia zake. Shangazi, wewe pia uulize mipango hiyo ya msaada, kuna ngazi za juu kidogo ya QMB. Na Papa, kadi ya kijani unayo mkononi?

PAPA: Niko nayo. Ndugu yangu wa Louisville ndiye hajaomba.

BINTI: Aombe. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewaondoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata kadi ya kijani. Waliokuwa ndani tayari wamepewa hadi Januari 2027. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Asikae.

MJOMBA: Wakala, na wewe nikuulize bila kukuvunjia heshima. Nikisaini kwako unapata ngapi?

WAKALA: Sina cha kuficha, Mjomba. Mwaka 2025 serikali iliweka kikomo: katika majimbo mengi ilikuwa dola 626 kwa mteja mpya wa Medicare Advantage, na 313 kila mwaka anaobaki. Medigap hulipwa kwa asilimia ya ada. Na tuna masharti. Hatukubaliwi kupiga hodi nyumbani bila kualikwa. Na kwenye mkutano wa kuuza mipango hatukubaliwi kuwapa mlo, ni vitafunio tu.

SHANGAZI: Kwa hiyo yule aliyetuletea pilau ukumbini?

WAKALA: Kama alikuwa na fomu za kujiunga mkononi, alikosea.

Wakala huyu nimempa uungwana kwa makusudi, kwa sababu mawakala waungwana wapo na kazi yao ina faida. Lakini mwenye kulipwa kwa kusaini kwako hawezi kuwa mshauri wako wa pekee. Kuhusu dawa hawakubishana, na ni sawa: tangu 2025 kuna kikomo cha mwaka kwa dawa za duka la dawa, dola 2,000 mwaka huo, kwenye mpango wa kampuni na kwenye Sehemu D sawasawa. Hapo hakuna mshindi.

Hukumu yangu ni hii. Mjomba, mwenye pensheni ya udereva na moyo ulioko Tanga, achukue Medigap ndani ya dirisha lake, hata kama mwaka wa kwanza ataona anatupa pesa. Shangazi abaki alipo, lakini kila Oktoba ahakikishe daktari wake na hospitali yake bado wako kwenye mtandao, na siku akikataliwa matibabu akate rufaa siku hiyo hiyo. Papa aanze na jimbo kabla ya kampuni yoyote.

Na wewe msomaji mwenye mzazi huko: kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, mpango unaoitwa SHIP, ambao hawalipwi kwa kuuza chochote. Namba ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227, na mkalimani wa Kiswahili akiombwa hutolewa bila malipo. Mpigie simu mzee kabla hajasaini. Dirisha la Mjomba linafunguka Februari 1 na kufungwa Julai 31.